Hicho Unachofutia Pikipiki Ni Kitabu

Mwezi uliopita, huko Korogwe, nilimkuta mtoto wa kaka yangu akifuta mnyororo wa pikipiki kwa kitambaa cha meza alichokifuma kwa kroshia, ile sindano moja yenye ndoano, marehemu mama yangu, yaani bibi yake mzaa baba. Nilipomuuliza amekitoa wapi, alinijibu kwa adabu zote: "Shikamoo shangazi. Kilikuwa stoo, mama alisema vile vya kizamani tuvifanye matambara." Niliitikia marahaba kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, ingawa moyoni nilikuwa na maneno mengine.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba sebule zetu za zamani zilizidisha. Kochi lilivikwa mgongoni na mikononi, redio ikavikwa, televisheni ikavikwa, hata chupa ya chai haikusalimika, na mgeni aliyeinuka kuaga mara nyingi aliondoka na kitambaa kimoja kimemnasia mgongoni. Anayetaka sebule tupu, yenye ua moja la plastiki la kisasa, ana haki yake. Ninachogombania ni kwamba watu wanatupa vitambaa hivi wakidhani wanatupa pambo tu, kumbe wanatupa maandishi.

Ulaya iliweka ufumaji wa kroshia vitabuni mapema. Tangu miaka ya 1840 vijitabu vya sampuli vilikuwa vikichapishwa London, na mwaka 1886 Thérèse de Dillmont akatoa ensaiklopidia yake nene ya kazi za sindano, ambayo ndani yake kroshia imepewa nafasi yake. Kwa hiyo Mwingereza akichana kitambaa cha bibi yake, huenda sampuli ikabaki maktabani ikimsubiri mjukuu atakayejuta. Sisi, kwa sehemu kubwa, hatukuandika. Vijitabu vichache vilivyopitia shule za misheni na madarasa ya sayansi kimu vilichakaa vikaisha, na sampuli ikaendelea kusafiri kwa njia nyingine: jirani aliazima kitambaa, akakaa nacho barazani wiki nzima akihesabu vitanzi, kisha akakirudisha huku chake kikiwa tayari mezani.

Na kinasomeka, kwa yeyote mwenye macho na subira. Tazama sampuli ya nanasi, iliyopendwa sana Marekani katika miaka ya 1930 na 1940 na ambayo mama yangu aliirudia maisha yake yote. Tako la nanasi ni fundo ndefu zilizotandazwa kama upepeo wa mkono. Juu yake kuna safu ya vitanzi, na kila safu inayofuata hupungua kitanzi kimoja hadi kibaki kimoja pekee kileleni. Ukihesabu vitanzi 11 katika safu ya kwanza, umeshajua kwamba nanasi lote lina safu 11 za vitanzi, kabla hujashika sindano. Vitambaa vya miraba ni rahisi zaidi, kwa kuwa mraba uliojazwa na mraba ulio wazi vinaweza kunakiliwa moja kwa moja kwenye daftari la hesabu la mtoto, na njiwa au waridi akajitokeza kwa penseli.

Tena kitambaa hakidanganyi, jambo ambalo siwezi kusema juu ya vijitabu. Fundo ambayo Mwingereza huiita maradufu, Mmarekani huiita ya pekee. Na ile ambayo Mmarekani huiita maradufu, ambayo uzi huzungushwa mara moja kwenye sindano kabla ya kuchomwa, Mwingereza huiita ya mara tatu. Mimi nilifundishwa kwa majina ya Kiingereza cha Uingereza. Mwaka mmoja nilifuata kijitabu cha zamani cha Marekani, neno kwa neno, nikapata kitambaa kilichojikunja pembezoni kama kabichi, kwa sababu fundo zangu zilikuwa fupi kuliko walizokusudia wenyewe. Mama alikitazama, akaniuliza ni saladi ya nani.

Wanaofuma sampuli hizi kwa nyuzi nene za nailoni na sindano nene kama penseli, halafu wakalalamika kwamba nanasi halionekani, wajaribu kwanza uzi mwembamba wa pamba namba 20 pamoja na sindano ndogo ya chuma. Wanaokausha kitambaa kwa maji ya sukari ili kisimame wajiandae kupokea sisimizi. Wanga wa muhogo upo. Na wanaobishania bei sokoni wakumbuke kwamba hakuna mashine inayofuma kroshia halisi kama mkono ufumavyo, kwa hiyo kila kitambaa walichokiona, hata cha bei ya kutupa, kimeinamiwa na mtu.

Kile cha Korogwe nilikiloweka kwa sabuni usiku kucha. Grisi haikutoka yote, na nanasi moja limekatika katikati, ila yamebaki mengine saba yanayorudia maneno yale yale, kwa hiyo hakuna safu nitakayolazimika kuikisia. Ninafuma nakala yake, na nimefika mzunguko wa 19. Mtoto wa kaka yangu nimempelekea fulana kuukuu mbili za kufutia pikipiki, na nimemwomba mama yake anifungulie stoo nikija tena.