Gavana wetu hatukumchagua
Mwandishi wa makala hii ya magavana anasema hapa Kongo (DRC) kila jimbo kati ya yale 26 lina gavana aliyechaguliwa na wabunge wa jimbo, sawa ndivyo katiba ya 2006 inavyosema lakini sisi Kivu Kaskazini na wenzetu wa Ituri tangu Mei 2021 tuliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, gavana jenerali anateuliwa na rais, naibu wake polisi, bunge la jimbo likasimamishwa. Walisema siku 30 tu, baadae ikawa inaongezwa siku 15 siku 15 mpaka miaka ikapita! Mjomba wangu pale Beni aligombana na jirani juu ya mpaka wa shamba la kakao wakarushiana mawe, kesi ikaenda mahakama ya kijeshi, mzee wa watu anajieleza mbele ya hakimu aliyevaa magwanda, inauma sana. Jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilikuja likaondoka Desemba 2023 na Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, sasa huo utawala wa kijeshi ulimlinda nani? Nyie mlioko Bunia kule Ituri, kesi za raia zimerudishwa mahakama za kawaida au bado?