Meno ya mzee na akili yake: kesi haijafungwa

Dawa iliyolenga bakteria wa fizi, Porphyromonas gingivalis, iliposhindwa mwaka 2021 kupunguza kasi ya Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, kwa wagonjwa zaidi ya 600, wengi walihitimisha kwamba meno na usahaulifu wa uzeeni havihusiani. Haraka ya nini? Kilichoanguka pale ni nadharia moja tu, ile inayosema sumu za bakteria hao ndizo zinazoharibu ubongo.

Wenye shaka wana hoja nzito. Ugonjwa huu huanza kuushambulia ubongo miaka mingi kabla ya dalili, na anayesahau kupiga mswaki meno yatamwoza, kisha meno yasingiziwe. Umaskini nao huharibu kotekote. Orodha ya mwaka 2024 ya jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet, yenye vihatarishi 14 vinavyozuilika vya demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na kufikiri, haina meno.

Sawa. Ila mwaka huohuo wa 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walijumlisha tafiti 14 zenye watu zaidi ya 34,000. Kati ya waliopoteza meno wasiwe na ya bandia, asilimia 23.8 walikuwa na matatizo ya kumbukumbu na kufikiri. Kwa wenye meno ya bandia ilikuwa 16.9. Kama kosa ni la bakteria peke yao, meno ya plastiki yanasaidia nini? Fizi zilishaugua, jino lilishang'olewa. Kinachorudi ni kutafuna, na pamoja nako, nafasi ya mtu mbele ya sinia. Kibogoyo hupikiwa mtori wake kando, wenzake wakigombea mifupa. Akialikwa harusini anasema ameshiba. Akicheka anaziba mdomo, mwishowe hata barazani haendi. Na upweke, kumbuka, umo kwenye ile orodha ya 14.

Mtaniambia mwenye meno ya bandia ana hela, au ana mtoto wa kumpeleka kwa daktari, na hilo ndilo linalomkinga. Huenda. Lakini hilo linapimika: wazee mapengo wagawanywe kwa kura, nusu wapewe meno sasa, nusu baadaye, wafuatiliwe kwa miaka. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ingefaa. Utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na zaidi, hivyo pa kuanzia papo. Kwa sasa, jino la mzee likiuma hung'olewa, akapewa pamba ya kung'ata na dawa ya maumivu, na faili likafungwa.