Utumbo Kilo Mbili

Mama yangu hupiga simu kama anayetuma telegramu. Anasema lake, anakata. Salamu hazimo, kusikiliza hakumo. Ni mazoea ya enzi za Shirika la Posta na Simu, watu walipopanga foleni na dakika zikahesabiwa ukiwa bado unasema haloo. Ukimwambia siku hizi dakika zimo kwenye kifurushi, anakutazama kama dalali anayemuuzia kiwanja cha mtu.

Sasa mimi, mwanawe wa kompyuta, ninayekaa Sakina, Arusha, nikaona nimfungie simu ya intaneti kwake Moshi. Simu ya mezani yenye vitufe vikubwa, waya wake unaingia kwenye kisanduku, kisanduku kinaingia kwenye ruta. Ya mkononi alishaikataa: inateleza, inajipigia yenyewe, na mara mbili imetumbukia kwenye ndoo ya maziwa.

Tatizo likaanza siku hiyohiyo. Akimaliza kubonyeza namba, simu inakaa kimya sekunde 10 nzima. Kisanduku hakijui kama umemaliza au unakohoa, kwa hiyo kinasubiri kuona kama kuna tarakimu nyingine. Dawa yake ni kubonyeza reli mwishoni, reli ileile ya *150*00#.

"Reli?" Mama akauliza. "Treni yenyewe haiji kila siku."

Ikifika sekunde ya nne anasema imekufa, anaweka chini.

Nikapunguza kusubiri hadi sekunde 3. Hapo nikaharibu zaidi, maana Mama husoma namba nyuma ya kalenda: tarakimu moja, anaitafuta kwenye kitufe, anarudi kwenye kalenda, anapandisha miwani. Kati ya 7 na 5 unaweza kuchemsha chai. Kisanduku kikawa kinapiga nusu namba, yule dada wa kwenye mtambo anamwambia namba aliyopiga si sahihi, na Mama anamjibu kwa hasira: "Si sijamaliza, we mtoto!"

Basi nikaamua njia ya mkato. Kitufe kimoja, mtu mmoja. Kwenye ukurasa wa mipangilio ya kisanduku kuna mstari mmoja wa mabano na alama, ambapo unakiambia: akibonyeza hiki, piga namba hii papo hapo, usisubiri kitu. Nikamuuliza Mama nani awe wa kwanza.

"Mchungaji. Kabla yenu nyote."

Hapo ndipo elimu iliponiponza. Sisi watu wa programu huhesabu kuanzia sifuri. Mchungaji nikampa 0, mimi 1, dada yangu wa Tanga 2. Nikajaribu, zote zikaita kabla kidole hakijainuka. Nikala machalari yangu, nikarudi Arusha nimevimba kichwa.

Wenye akili mmeshaona. Namba za watu nchi hii, iwe 07, 06 au hii 027 yetu ya mezani, zinaanza na nini?

Jumatatu Mama akapigia bucha. Alipogusa 0 simu ikaondoka, yeye akaendelea taratibu kubonyeza tarakimu 9 zilizobaki ndani ya sikio la mchungaji. Kisha akasema: "Niwekee utumbo kilo mbili, na safari hii uoshe, wa juzi ulikuwa na mchanga." Akakata.

Jumanne ilikuwa zamu ya mwenzake wa vikoba anayedaiwa: "Hela za watu unarudisha lini? Usinifanye nije hapo na mjumbe." Akakata.

Jumatano: "Mbege yako ya juzi ilikuwa maji matupu."

Mtumishi wa Mungu hakupata nafasi hata ya kusema amina. Akipiga yeye, Mama yuko migombani, hasikii.

Ijumaa simu yangu ikaita. "Njoo. Mchungaji yuko hapa na wazee wawili wa kanisa." Akakata.

Nikajua msiba. Kilometa 80 ndani ya kosta inayosimama kila penye mti, Usa River, Boma Ng'ombe, mimi nalia kimoyomoyo bila kujua ninamlilia nani. Nafika, wako sebuleni kimya. Mezani kuna mfuko wa utumbo, umeoshwa ukaoshwa tena, na pembeni yake kitabu cha stakabadhi za michango ya bati, kila shilingi imeandikwa. Suala la mbege, mchungaji alisema, tutalizungumza faragha.

Nikaomba niione simu. Nikabonyeza 0. Mfuko wa koti la mchungaji ukaanza kulia.

Nikaeleza, jasho likinitoka. Mchungaji akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo katika nyumba hii mimi ni sifuri?"

"Kwenye kompyuta sifuri ndiyo ya kwanza, Baba Mchungaji."

Mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu, akasema darasani kwake wa kwanza wa namna hiyo walikuwa wanarudia mwaka.

Nikafuta ile 0. Nikakiambia kisanduku: inayoanza na 06 au 07 ikifika tarakimu 10, piga hapohapo, kabla ya hapo msubiri Mama hata sekunde 20. Na 1 nayo nikaitoa, kwa sababu siku Mama akihitaji polisi wa 112 au zimamoto wa 114, ingeita kwangu Sakina, na mimi hata ndoo sina.

Ikabaki kujaribu. Mama akavaa miwani, akashika kalenda, akampigia bucha tarakimu moja moja, sisi wote tumeinama kwenye spika. Ikaita, ikapokewa. Mama akamtupia jicho mchungaji, akaliangalia na lile koti lake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaanza na salamu:

"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji."

"Amina, mama," sauti ikajibu. "Utumbo au maini?"