Kioo cha gari la zamani hakigundishwi

Harufu ya siki ndiyo iliyonisimamisha. Nilikuwa napita zangu kwenye uchochoro mmoja wa Ilala kutafuta bushi za Peugeot, njaa inauma, nikadhani kuna mama lishe anatengeneza kachumbari. Kumbe ni kijana kainama juu ya Volkswagen Beetle, bunduki ya silikoni mkononi, anamimina mstari mweusi kuzunguka kioo cha mbele kama anayepamba keki ya harusi. Raba ya kioo, ile yenyewe iliyokuja na gari, ipo chini imekatwa vipande vitatu. Paka kakilalia kimoja.

Mwenye gari alikuwa pembeni anapiga picha. Gari limepigwa rangi ya krimu, linang'aa, viti vipya, vikombe vya magurudumu unaweza kujinyolea ndevu. Tukasalimiana, nikalisifia gari, halafu uzee ukanishinda.

"Mdogo wangu," nikamwambia fundi, "raba imekosekana?"

Hakugeuka hata. "Mzee, raba za nini siku hizi? Hiki hakitoki mpaka kiama."

Mwenye gari akacheka kwa furaha. Mimi nikaenda kula chipsi kwa hasira, na tangu siku hiyo neno lile halijaniacha. Hakitoki mpaka kiama. Kijana aliona anajisifu. Hakujua kwamba amejishtaki mwenyewe.

Kabla hamjaanza kunirushia mawe: ndiyo, kwenye gari la kisasa kioo kinagundishwa, na ndivyo inavyotakiwa. Ila si kwa silikoni ya kuzibia sinki. Ni kwa gundi ya poliurethani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa sababu kioo kile ni sehemu ya uimara wa bodi. Kinasaidia paa lisibonyee gari likipinduka, na mfuko wa hewa wa abiria ukifumka unakiegemea. Haya, nimekubali. Tuendelee.

Magari tunayoyazungumzia hapa hayakutengenezwa hivyo. Kioo cha Beetle, cha Peugeot 504, cha Datsun za zamani, hakigusi bati popote. Kinaelea. Raba ina mifereji miwili: mmoja umeuma kioo, mwingine umeuma ukingo wa bati. Bodi ikijinyonga kwenye mashimo, raba inapokea, kioo hakijui kilichotokea. Na kioo chenyewe kilikatwa kidogo kuliko tundu lake ili kuiachia raba nafasi. Sasa ukiitupa raba, ile nafasi inabaki wazi. Unaijaza na nini? Silikoni, bila shaka. Na kwa kuwa silikoni mbichi haiwezi kubeba kioo, fundi wetu alikuwa amekiegesha juu ya vipande vya ndala. Ndala, ndugu zangu. Za bluu. Beetle, gari lililoshinda Safari Rally mara nne, kuanzia ile ya kwanza kabisa ya 1953, leo kioo chake kimekaa juu ya ndala.

Sisemi haya kwa kusimuliwa. Nimelipia ada ya somo hili mara mbili.

504 yangu ni ya mwaka 1977. Baba aliinunua chakavu kutoka shirika moja la umma, akaifufua, na ikatulea. Alikuwa na tabia moja: stika za kioo habandui. Leseni ya barabara ya mwaka huu inabandikwa juu ya ile ya mwaka jana, bima juu ya bima, Nenda kwa Usalama juu ya Nenda kwa Usalama. Kona ya chini kushoto ikawa nene kama daftari. Trafiki walikuwa wanamcheka, na yeye anawajibu, "Hiyo ndiyo kadi yangu ya kliniki."

Mwaka 2016, mwaka mmoja kabla serikali haijaifuta ile ada ya leseni ya kila mwaka, nilikuwa naipeleka Tanga. Nikiwa nimeipita Mkata, lori likanipa jiwe. Kioo kilikuwa cha zamani, kile kigumu kinachokaangwa kwa moto na kupozwa ghafla. Vile havipasuki, vinalipuka. Sekunde moja unaona barabara, sekunde ya pili mbele yako pote ni peupe kama chumvi ya mawe, na uko kwenye spidi. Nikafanya alichonifundisha baba: ngumi moja mbele ya uso, toboa tundu, punguza mwendo, toka barabarani. Kisha nikaendesha mpaka Segera sina kioo, mdomo umefungwa, macho yamejaa wadudu.

Kioo chote kilimwagika mapajani na kwenye dashibodi, isipokuwa kona ile ya stika. Ilibaki imesimama, imevunjika vipande mia lakini imeshikana, kwa sababu makaratasi na gundi ya miaka thelathini vilikataa kuachia. Ukitaka kuelewa kioo cha tabaka kinavyofanya kazi, ndiyo hiyo kona: vioo viwili, katikati utando wa plastiki, kikivunjika vipande vinaning'inia palepale. Mfaransa Édouard Bénédictus alilipatia wazo hili hataza mwaka 1909, baada ya chupa iliyokuwa na mabaki ya dawa ndani kuanguka, ikapasuka, na vipande vikakataa kumwagika. Baba alifika hapohapo kwa uvivu wa kubandua stika.

Kwa hiyo hapa sitaki ubishi wa wale wanaotaka kila kitu kiwe "orijino". Ukipata nafasi ya kubadilisha, weka cha tabaka. Uhalisi wa kulipukiwa na chumvi usoni mbaki nao nyinyi.

Kioo cha tabaka nilikipata Nairobi, ambako Pijo hazijaisha. Kikaja kwa basi kimefungwa ndani ya godoro la mtoto. Raba sikuagiza. Ilikuwa bei ya kuudhi, ingechukua wiki kadhaa kufika, halafu kuna ushuru, na mimi nilikuwa na haraka ya harusi ya mdogo wangu. Fundi mmoja wa mjini, jina nalihifadhi, akaniambia maneno yaleyale: raba za nini siku hizi. Akakwangua rangi ukingoni kwa wembe "ili ishike vizuri", akamimina silikoni, kazi ikaisha kwa saa moja na nusu. Nikaenda harusini natamba.

Masika ya kwanza, zulia la upande wa abiria likalowa. Nikalaumu bomba la hita. Masika ya pili, zulia likaanza kunuka kama gunia la dagaa, na nikiwasha taa za ndani redio inazimika. Nilipompelekea fundi bodi, akapitisha kidole chini ya kioo, kikatokea ndani ya gari. Kidole kizima. Ukingo wa bati uliokaa miaka karibu arobaini bila kutoboka ulikuwa umeliwa kwa miaka miwili.

Sasa turudi kwenye siki. Ile harufu si ya bahati mbaya. Silikoni ya bei rahisi, ile ya madukani kwetu, inapokauka inatoa asidi ya siki, hiyohiyo ya kwenye kachumbari. Ukiimimina juu ya bati ambalo umelikwangua rangi kwa mkono wako mwenyewe, umelianzishia kutu na kuifunika blanketi. Halafu silikoni haikubali rangi juu yake, na mabaki yake hayatoki kwa urahisi. Fundi bodi wangu alikwangua siku mbili huku akimtaja mwenzake kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Na kioo? Ili kuziba kutu ilibidi kitoke. Akajaribu kukata ile gundi kwa waya, taratibu, huku na huku kama wanaokata mkate wa sinia. Kona ikalia tak! Ufa ukatembea mpaka katikati. Kioo kizima, kipya, kilichosafiri kutoka Nairobi ndani ya godoro. Kikatoka, naam, bila kusubiri kiama.

Hapa ndipo ninapogombana na watu wote wanaoniambia "si kinashika lakini?". Gari la zamani halihitaji kitu kinachoshika milele. Linahitaji kitu kinachofunguka. Gari hili utalifungua tu, upende usipende: utapiga rangi tena, utatafuta kutu, utatoa dashibodi kufuata waya uliounguzwa na fundi wa redio mwaka 1993. Waliolitengeneza walijua. Ndiyo maana kuna skrubu pale ambapo leo kuna klipu ya plastiki, na raba pale ambapo leo kuna gundi. Kioo cha raba kinatoka kwa dakika ishirini: unakata mdomo wa raba kuukuu kwa wembe, unavua viatu, unakaa kiti cha mbele na kukisukuma kwa nyayo, mwenzako anakipokea nje. Anayekigundisha anamfungia mlango fundi wa kesho, na mara nyingi fundi wa kesho ni yeye mwenyewe.

Mara ya tatu niliagiza raba. Nikasubiri. Nikaenda kwa mzee mmoja wa Ngamiani, Tanga, ambaye ana meza moja, mwembe mmoja, na subira ya kunitosha na mimi. Kwanza alikataa kugusa kioo mpaka aone ukingo. Akaupitisha mkono mzima mzima akiwa amefumba macho. Palipobonyea akagonga, palipochomelewa akasawazisha, akapiga rangi ya kuzuia kutu, akaniambia nirudi kesho kutwa.

Niliporudi, raba alikuwa ameianika juani kama dagaa. Wazungu wanailoweka kwenye maji ya moto. Tanga jua lipo bure. Akaivisha kwenye kioo juu ya meza iliyotandikwa shuka. Akachukua kamba ya nailoni, nyembamba kama ya kuanikia nguo, akaizamisha kwenye mfereji wa raba unaouma bati, mzunguko mzima, ncha mbili zikapishana katikati chini. Akasugua mdomo wa raba kwa sabuni ya mche iliyolowa. Nilimuuliza kwa nini asitumie grisi, akaniangalia kama nimemtukania mama. Grisi inaivimbisha raba na kuioza.

Kisha tukakiweka kioo mahali pake, mimi nje, yeye ndani. "Piga kwa kiganja, siyo ngumi. Pale ninapovuta, hapohapo." Akaanza kuvuta ncha moja ya kamba, polepole, na kila kamba ilipotoka, mdomo wa raba uliruka ndani ya bati kwa sauti ndogo, plop, plop, plop, kona hadi kona. Kufika juu jasho linanitoka na mikono inatetemeka. Yeye anaimba kaswida. Ncha ya mwisho ilipotoka akagonga kioo kwa kucha, akasikiliza, akasema, "Chai."

Masika matano sasa. Zulia kavu.

Wenye Land Rover za zamani, na wenye Beetle zilizotoka kiwandani kabla ya Agosti 1964, nyinyi hamna hata cha kujitetea. Vioo vyenu ni bapa. Fundi vioo yeyote mwenye shiti ya kioo cha tabaka anawakatia kwa kufuata karatasi. Sisi wa vioo vilivyopinda ndio tunaohangaika na magodoro. Na kama Beetle yako ina ule ukanda wa kromu, uvishe kwenye raba kioo kikiwa bado mezani. Ukisahau, utarudia kazi yote.

Badilisheni waipa pia. Kuweka kioo kipya chini ya waipa za mwaka juzi ni kumnunulia mtoto sare mpya na kumrusha kwenye tope.

Wiki iliyopita nilirudi Ilala kufuata zile bushi. Yule kijana alikuwepo, na zamu hii kulikuwa na Datsun 1200, kioo kimeshatolewa, raba bado nzima imening'inizwa kwenye msumari. Bunduki ya silikoni ipo mezani. Akaniamkia kwa heshima, nadhani alinisahau. Nikatoa mfukoni mita tano za kamba ya nailoni nilizokuwa nimezinunua Kariakoo, nikamwekea juu ya boneti.

Akaishika, akaivuta kuipima nguvu. "Mzee, ya kuanikia nguo hii?"

Nikavua koti.