Acheni kuwacheka watu wa Lynch

Kuna klipu inazunguka. Nimeletewa kwenye grupu la ukoo, kwenye grupu la kanisa, na kwenye lile la kamati ya harusi ambayo maharusi wameshazaa lakini hakuna mwenye ujasiri wa kujitoa. Ndugu yetu mmoja, Mswahili mwenzetu anayeishi hapahapa Marekani, anaendesha gari polepole kwenye bonde moja la Harlan County, Kentucky, simu mkononi. Anaonyesha nyumba zilizoporomoka paa na madirisha yaliyozibwa kwa mbao. "Jamani, mzungu mliyeambiwa ana hela ndiye huyu!" Kicheko. Halafu anashusha sauti kama mhadhiri: hawa ni wavivu, wamejichimbia milimani wanasubiri hela ya serikali, sisi tungezaliwa na pasipoti hii tungekuwa mbali.

Mji anaoupita unaitwa Lynch. Niliutambua kwa majengo ya mawe ya mgodi wa zamani, pale unapoelekea kuanza kupanda Black Mountain. Nami ninaishi Lexington, mwendo wa zaidi ya saa tatu kutoka huko, na mji ule nimeufika. Kwa hiyo mnisamehe, leo sitacheka.

Tuanze na huo uvivu. Tarehe 12 Februari 1923 wachimbaji wa Lynch walitoa tani 12,820 za makaa ya mawe katika shifti moja yenye urefu wa saa tisa. Siku ile ilitangazwa kuwa rekodi ya dunia. Kama kuna mvivu wa namna hiyo mtaani kwenu, mniletee namba yake. Ndugu yetu wa klipu ana picha kibao alizopiga mbele ya maghorofa ya Chicago, amejipinda pinda, miwani juu. Chuma cha nchi hii kiliyeyushwa kwa makaa yaliyotoka kwenye mabonde kama lile, na wale waliokuwa wakiyatoa walikuwa wakitambaa kifudifudi gizani wakati maghorofa hayo yanapanda.

Na Lynch si kijiji kilichoota chenyewe kikasahauliwa na maendeleo. Hapo ndipo watu wanapokosea kabisa, na si ndugu yetu peke yake, hata Wamarekani wenyewe wa mijini. Wanadhani mji wa milimani uliochakaa ni mji ambao maendeleo hayajafika. Lynch yalifika, tena yalifika na treni. Mwaka 1917, vita vikuu vya kwanza vikiwa vimeifanya dunia iwe na njaa ya chuma, kampuni tanzu ya U.S. Steel, lile shirika kubwa la chuma la Marekani, ikiitwa U.S. Coal and Coke, iliingia kwenye bonde jembamba la Looney Creek ikaanza kujenga mji mzima kwa ramani. Jina lilitoka kwa Thomas Lynch, aliyekuwa rais wa kampuni hiyo. Nyumba ni za kampuni, hospitali ya kampuni, hoteli ya kampuni, maji na umeme wa kampuni, duka kubwa la kampuni. Kulikuwa na hata sarafu za kampuni, ambazo mchimbaji aliweza kuchukua kabla ya siku ya mshahara na kwenda kuzitumia, mnafikiri wapi? Kwenye duka la kampuni. Kulikuwa na vigezo vya nani anakaa wapi: bosi na nyumba yake kubwa, fundi na yake ya wastani, mchimbaji na ile inayofanana na ya jirani yake mpaka msumari wa mwisho. Wakati mji umechangamka, kwenye miaka ya 1940, ulikuwa na watu wapatao 10,000.

Kanisani kwetu kuna mzee mmoja wa Kikongo, mzaliwa wa Likasi, sote tunamwita Papa. Nilipokuwa nikimsimulia habari za Lynch, nyumba za kampuni, hospitali ya kampuni, shule ya kampuni, alinikatiza kabla sijafika mbali: "Lakini ile njo Union Minière yenyewe!" Anaisema kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba kwao Katanga. Akanisimulia utoto wake kwenye kambi ya wachimbaji, baba yake akipewa unga na nyumba na daktari, na jinsi yote yalivyokuja kuyeyuka mikononi mwa Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi migodi hiyo, mpaka kwenye mwaka 2003 ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa kiasi wakaambiwa kwaheri. Hakuuliza kama watu wa Lynch ni wavivu. Aliuliza kampuni iliondoka mwaka gani.

Swali zuri kuliko yote niliyoyasoma kwenye maoni ya ile klipu. Jibu ni kwamba iliondoka kwa hatua. Mashine zilipoingia mgodini, mikono ilianza kupunguzwa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960, U.S. Steel haikutaka tena kuwa mwenye nyumba: iliwauzia wachimbaji nyumba walizokuwa wakipanga, majengo mengine ikayabomoa, na mwaka 1963 Lynch ukawa mji wenye halmashauri yake. Mgodi wa mlango namba 31, ambao sasa watalii huingizwa kwa kigari cha reli, ulifungwa mwaka huohuo. Halafu mwaka 1984 kampuni ikauza migodi iliyobaki ikaenda zake. Yaani watu walikabidhiwa mabomba, barabara na paa za mji uliojengwa kwa watu 10,000, wakati ambapo kazi zinakwisha. Sasa mtu anakuja na simu baada ya miaka 60 anashangaa paa limeporomoka!

Lakini kilichonichoma zaidi kwenye klipu ni hilo neno "mzungu", maana amepita mbele ya historia yetu akaicheka bila kujua.

Lynch ulikuwa mmoja wa miji yenye Weusi wengi kuliko yote katika milima ile. Kampuni ilituma mawakala kusini, hasa Alabama, wakawachukue vijana wa Kiafrika-Kimarekani waliokuwa wakilima pamba kwenye mashamba ya watu, ambako deni halikuwa likiisha na maisha yenyewe hayakuwa na dhamana. Waliletwa kwa treni, pamoja na Waitaliano, Wahungari, Wapolandi na wengineo waliookotwa walipokuwa wakishuka melini New York. Wenyeji husema mataifa zaidi ya 30 yalikutana pale. Yale majengo ya mawe nayo yalichongwa na mafundi wa Kiitaliano. Bonde moja, lugha za dunia nzima, na mlima juu yao.

Chini ya ardhi walichimba pamoja kwa kuwa paa la mgodi likianguka halichagui. Juu ya ardhi kila mtu na upande wake: makanisa tofauti, burudani tofauti, shule tofauti. Watoto Weusi walisoma Lynch Colored School, jengo ambalo bado limesimama. Na walisoma kwelikweli. Wachimbaji walikuwa na mshahara wa fedha taslimu, jambo ambalo baba zao hawakuwa nalo Alabama, na walikuwa na nia moja tu kwa watoto wao: wasishuke shimoni. Walimu waliofika pale walikuwa wasomi wa vyuo vya Weusi, wakali, wa kukufuata mpaka nyumbani kwenu. Kizazi kile kilitoka Lynch kikiwa kimeiva: walimu, wauguzi, wahandisi, wafanyakazi wa viwanda vya magari. Walikwenda Detroit, Cleveland, Chicago, wengine mpaka Los Angeles.

Tena hawakupotea. Wana chama chao, Eastern Kentucky Social Club, kilichoanzia Cleveland zaidi ya nusu karne iliyopita, chenye matawi katika miji waliyotawanyikia. Kila mwaka, wikendi ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, wanakutana kwenye mji mmojawapo, wanacheza muziki, wanahesabiana wajukuu. Wikendi ya Memorial Day, siku ya kuwakumbuka waliofia vitani, wengi wanarudi Lynch kwenyewe kusafisha makaburi, na shule yao ya zamani iko mikononi mwa wanachama wa tawi la hapo. Nani kati yetu huku ughaibuni hajawahi kukaa kwenye ukumbi wa kukodi akala pilau na watu wa wilaya yake? Ni jambo tunalolijua mpaka kwenye ugomvi wa mweka hazina. Halafu mtu wetu huyohuyo anapita mlangoni pao na kusema "kijiji cha wazungu".

Jiografia nayo huwa inabambikiwa kesi. Eti mlima umewafungia. Ni kweli Black Mountain ndio mlima mrefu kuliko yote Kentucky, kama mita 1,260, na bonde ni jembamba kiasi kwamba mto, reli, barabara na safu ya nyumba vinagombania njia moja. Ardhi tambarare ya kujenga kiwanda hakuna. Lakini Uswisi nako ni tambarare?

Tatizo halikuwa mlima, lilikuwa hati ya mlima. Kabla treni hazijafika, mawakala walizunguka mabonde ya mashariki ya Kentucky wakinunua haki ya madini kwa bei ya kutupa, kutoka kwa wakulima ambao wengine walitia alama ya msalaba kwa kuwa hawakujua kuandika. Mkulima alibaki na udongo wa juu na kodi yake. Aliyenunua alichukua kila kilicho chini, pamoja na haki ya kufanya lolote litakalohitajika ili kukitoa. Zilipokuja tingatinga za kuchimba kwa kuchubua mlima, mahakama za Kentucky zikasema hati hizo zinaruhusu hata hilo. Mjukuu anaamka asubuhi anakuta tingatinga kwenye shamba la babu, sheria iko upande wa tingatinga. Ilichukua mpaka mwaka 1988 ndipo wananchi wakabadilisha katiba ya jimbo, kwa kura zaidi ya asilimia 80. Wavivu hao.

Haya, nikubali yanayokubalika, ingawa sipendi. Wazee wa Lynch, Weusi kwa weupe, wengi wanaisifu kampuni. Ukiwatukania U.S. Steel watakununia. Wanakuambia nyumba zilikuwa imara, hospitali ilikuwa nzuri, mji ulikuwa safi, na ukilinganisha na kambi nyingine za Harlan County, zile ambako mwaka 1931 walinzi wa migodi na wachimbaji walipigana risasi pale Evarts, ni kweli Lynch ilikuwa afadhali. Na ni kweli uraibu wa dawa za maumivu umewamaliza vijana wengi wa milimani. Na ni kweli kila uchaguzi wanampigia makofi mwanasiasa anayeahidi kwamba makaa yatarudi, jambo linalonikera kwa namna ambayo nitaliandikia siku nyingine. Hayarudi. Hata jumba la makumbusho ya makaa ya mawe pale Benham, mji wa jirani unaopakana na Lynch, liliwekwa paneli za sola juu ya paa mwaka 2017 ili kupunguza bili ya umeme. Sikutunga.

Ila uvivu? Mwaka 2019 kampuni ya makaa ya Blackjewel ilifilisika ghafla. Wachimbaji wa Harlan County wakakuta hundi za mishahara hazina kitu, na wengine wakachomolewa benki fedha zilizokwisha kuingia. Watu wana mikopo ya nyumba, wana watoto wanaorudi shule. Mwisho wa Julai wakasikia kwamba kuna treni iliyosheheni makaa waliyoyachimba wao inatoka pale Cumberland, kilomita chache kutoka Lynch. Wakaenda wakasimama kwenye reli. Wakaweka viti, mahema, jiko la kuchomea nyama, watoto wakacheza hapohapo, na wakakaa karibu miezi miwili. Treni haikupita. Baadaye mahakama iliidhinisha walipwe. Hayo yalikuwa kwenye habari za taifa zima. Ndugu yetu angeweza kuyatafuta kwenye simu ileile aliyorekodia.

Na mapafu yao? Watafiti wa serikali walieleza mwaka 2018 kwamba katika milima hii, mchimbaji mmoja kati ya watano waliofanya kazi miaka 25 au zaidi ana ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi la makaa. Ukimwona mzee amekaa kibarazani saa nne asubuhi hafanyi kitu, huenda hiyo ndiyo kazi yote anayoiweza kwa siku: kupumua.

Limebaki lile swali lililopigiwa makofi kuliko yote kwenye maoni: kwa nini hawahami? Wamehama, jamani! Harlan County ilikuwa na watu zaidi ya 75,000 mwaka 1940. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu chini ya 27,000. Lynch yenyewe, kutoka wale 10,000, hawafiki 700. Mnaowaona kwenye klipu ni wachache waliobaki: aliyenunua nyumba ya kampuni kwa jasho lake, mjane wa pensheni, binti aliyerudi kumuuguza mama. Wengi waliohama tunaishi nao mtaa mmoja huko Ohio na Michigan, tunapanga nao foleni, hatuwaulizi wametoka wapi.

Kwa hiyo ombi langu kwa ndugu yetu ni dogo. Rudi Lynch mwisho wa Mei, wikendi ya Memorial Day. Egesha gari karibu na shule ya zamani. Utakuta watu wazima wenye mvi waliosafiri usiku kucha wakikumbatiana kwenye maegesho. Wahoji hao, wana ya kukwambia. Na safari hii omba ruhusa kabla ya kuwasha kamera.