Usije, Mwanangu

Ni Desemba 2020, mwaka wa korona. Wiki iliyopita, mapumziko ya saa nne asubuhi, simu ya mwenzangu wa zamu iliita. Huu mwaka wa tatu tunafanya kazi pamoja, yeye Mjerumani, mimi mtu wa Lindi, kusini mwa Tanzania, wote tunatunza wazee katika makao mamoja hapa Berlin. Aliyepiga ni mama yake. Wakazungumza dakika mbili hivi, akakata, akaendelea kumenya chungwa lake. Nikamuuliza, kwema? Akasema kwema, mama ameniambia nisije Krismasi mwaka huu.

Nikampa pole. Akanitazama kama mtu asiyejua pole hiyo ya nini. Mama yake ana miaka 78, mapafu yake si mazima, amesema usije, basi haendi. Watapigiana simu, na mwakani watakula bata pamoja. Hakuna aliyenuna wala aliyelia. Alimaliza chungwa, tukarudi kazini.

Tangu siku ile silali vizuri. Mama yangu mimi ana presha na sukari, yuko Lindi mjini, na najua hata nyumba ikiwaka moto hawezi kuniambia neno lile.

Nina tiketi ya tarehe 19 Desemba. Berlin mpaka Dar, usiku mmoja kwa shemeji Mbagala, alfajiri basi: Kibiti, Ikwiriri, daraja la Mkapa, Somanga kwenye samaki na pweza, Nangurukuru, mpaka ile bahari ya Lindi inapojitokeza na moyo wangu unarudi mahali pake. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko kumbini, kwenye jando. Atatoka kabla shule hazijafunguliwa Januari, na mjomba ni mimi. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua hawahitaji kuelezwa mjomba ni nani siku mwali anapotoka. Dada alishanunua sare ya kanga tangu hela za mnada wa kwanza wa korosho. Beberu kafungwa nyuma ya nyumba tangu Septemba. Nguo za mwali nimenunua mimi huku, ziko kwenye begi, na begi liko mlangoni, naliruka kila nikienda kazini.

Jumapili tarehe 13 wakatangaza hapa kwamba kuanzia Jumatano tarehe 16 maduka mengi na shule zinafungwa mpaka 10 Januari. Sikukuu yao wamepimiwa: kuanzia tarehe 24 hadi 26, watu wa nyumba yako na ndugu wa karibu wanne, basi, watoto walio chini ya miaka 14 hawahesabiwi. Serikali inakuhesabia watu wa mezani kwako! Mwezi Machi mambo haya yaliniudhi sana. Nilikuwa nasema hawa watu wanaishi kwa kanuni hata katika kumpenda mama. Nimeacha kusema hivyo. Tarehe 9 tulimtazama Kansela wao, Merkel, bungeni, kwenye televisheni ya ukumbi wa chakula, tukiwa tumekaa na wazee walewale aliokuwa akiwazungumzia. Mama yule siku zote ni mtulivu, lakini siku hiyo alipaza sauti na mikono ikaenda juu. Alisema vifo 590 kwa siku moja havikubaliki, na kwamba ikiwa kukusanyika kwa siku hizi kutaifanya Krismasi hii kuwa ya mwisho na babu na bibi, basi watakuwa wameshindwa. Bibi mmoja mwenye miaka 91, aliyekuwa karibu yangu, akaacha kijiko kwenye supu. Akasema, "Anatusema sisi."

Jioni ya Jumapili ile nikapiga simu nyumbani.

"Habari za huko, mama?"

"Nzuri baba, sote wazima."

"Hakuna mgonjwa?"

"Hakuna. Tunakusubiri wewe tu." Kisha kimya kidogo. "Ila mzee wa nyumba ya pili tumemzika Alhamisi. Kifua."

"Kifua gani?"

"Kifua tu, baba. Na umri nao."

Hii "ila" yetu mnaijua. Kwetu habari ni nzuri hata kama jeneza liko sebuleni. Nzuri, ila tumefiwa. Sijambo, ila sijainuka kitandani wiki ya pili. Nimekulia ndani ya lugha hii na ninaipenda, ni adabu, ni namna ya kutomtupia mwenzako mzigo mlangoni kabla hajakaa. Lakini mwaka huu imenitesa. Nikiwa mbali kilomita elfu kadhaa natakiwa kuamua niende au nisiende, na kila ninayemuuliza ananijibu nzuri. Mjomba wangu mkubwa: nzuri. Rafiki yangu dereva wa bodaboda pale stendi: shwari kabisa, njoo ule mabibo kabla msimu haujaisha. Dada: nzuri, kaka, usitutie hofu.

Sisemi mzee wa nyumba ya pili amekufa kwa korona. Hakupimwa. Hesabu ya taifa zima ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 mwezi Mei, na tangu hapo haijasogea. Hapa kila asubuhi kabla ya chai najua wangapi wameugua jana katika wilaya ninayoishi, mpaka nimechoka kujua. Kati ya kuchoka kujua na kutojua kabisa nachagua kuchoka.

Sasa najua nitakavyosemwa, nimeshaanza kuyasikia kutoka kwa watu wangu wa karibu. Kwamba nimekuwa Mzungu. Uzungu gani, ndugu zangu? Mimi ndiye ninayewaogesha wazee wa watu, ninayewalisha, ninayewakata kucha. Mwezi Novemba kwenye ghorofa yetu walikufa sita ndani ya siku 19. Mmoja nilimshika mkono mpaka mwisho, mwanawe akiwa nje ya dirisha, kwenye baridi, amebandika kiganja chake kwenye kioo. Asiyeona hilo asiniambie naogopa mafua.

Kwamba nakwepa gharama za shughuli. Hela yote imetumwa tangu Novemba, dada ananisikia.

Kwamba huko Lindi korona haipo, tulishamwomba Mungu siku tatu mwezi Aprili na akasikia. Na mimi niliomba. Ile Ijumaa ya tarehe 17 nilitoka zamu ya usiku, sikulala, nikatandika mswala nikaomba pamoja nanyi. Sibishani na dua. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha jambo la wazi kabisa kuhusu tauni: mkisikia iko katika nchi msiingie, na ikitokea katika nchi mliyomo msitoke kuikimbia. Hadithi hii nilifundishwa madrasa hapo hapo Lindi, nikiwa na miaka tisa au kumi. Sasa nchi ambayo ugonjwa unatangazwa kila asubuhi ni ipi? Ni hii niliyomo mimi. Anayeambiwa asitoke ni mimi. Hata tukikubaliana kwamba Lindi hakuna korona hata chembe, hoja yenu inanizuia zaidi kuliko inavyoniruhusu, maana nitakuwa mimi ndiye niliyeileta.

Hapo ndipo methali yetu inaponichoma. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeitafakari zamu nzima ya usiku, nikizunguka na kandili la kichwani chumba kwa chumba. Mgeni ni mimi. Mwenyeji ni mwanamke mwenye presha na sukari ambaye atanikumbatia kabla sijatua begi, atanilisha kwa mkono wake, atalala chumba cha pili na mimi na dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu.

Kuna aliyeniambia nipime, nikiwa salama niende. Tunapimwa kazini mara kwa mara, natiwa kijiti puani mpaka machozi. Kipimo kinakuambia ulivyokuwa saa ile. Hakijui utakaa wapi uwanja wa ndege wa pili, hakijui nani atakohoa nyuma yako kutoka Mbagala mpaka Lindi, watu wamebanana mpaka kwenye ujia na mtoto wa jirani amekulalia begani. Ni kuanzia alfajiri mpaka alasiri mle ndani.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mngefungwa ndani kama sisi. Nimeishi kwenye nyumba ambayo chakula cha jioni kilitegemea mauzo ya asubuhi. Mama aliuza maandazi na ming'oko kwa miaka 20. Angefungiwa siku 10 tungekula nini? Huku mtu akifungiwa mshahara unaingia. Mkulima wa korosho akifungiwa Oktoba, mwaka mzima umekufa. Mzungu anayewacheka Waafrika kwa kutojifungia hajawahi kusubiri malipo ya korosho, na nimeshagombana na mmoja kazini kwa sababu hiyo.

Wala sisemi wao ni wema kutuzidi. Kuna wazee hapa ambao watoto wao walikuwa hawaji hata kabla ya ugonjwa, na sasa wamepata sababu. Kuna mzee alikaa miezi minane bila kutembelewa, na huo ulikuwa mwaka 2018, hakuna korona. Nikiona hivyo naiona nyumba yetu, mama amezungukwa na wajukuu mchana kutwa, na namshukuru Mungu nilikozaliwa. Siku mzee wa nyumba ya pili alipozikwa najua mtaa mzima ulikuwepo, wanaume kwenye mkeka nje, wanawake ndani, na hakuna aliyehesabu wala aliyetumiwa mwaliko. Huku tulimzika bibi mmoja tukiwa watu wanne, na wawili kati yetu tulikuwa wafanyakazi.

Kwa hiyo ninachokionea wivu ni kitu kidogo tu, lile neno moja. Mama anayempenda mwanawe amepiga simu mwenyewe akasema usije, na mwana akalisikia kama upendo. Sisi tunalo neno hilo, ni letu, halijatoka Ulaya. Lakini hatuna mtu wa kulisema. Mwenyeji hawezi, ataonekana mchoyo. Mgeni hawezi, ataonekana anaringa. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, na wakati tunasubiriana basi linajaa.

Nikitamani sana nyumbani huwa naenda makumbusho ya hapa mjini kumtazama yule mjusi wetu mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru, mkoani Lindi. Ndani ya ukumbi anasimama zaidi ya mita 13, mifupa iliyochimbwa na watu wa kwetu kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani mpaka bandari ya Lindi. Wajerumani wanapiga picha, mimi nakaa chini yake nafikiria mabega ya wale wapagazi, pengine mmoja ni babu wa babu yangu. Makumbusho yamefungwa tangu tarehe 2 Novemba. Jumatatu nilikwenda hivyo hivyo, nikasimama nje kwenye baridi mbele ya mlango uliofungwa, na pale ndipo nilipoamua.

Nimempigia kwanza mjomba mkubwa, maana bila neno lake hakuna kinachotangulia. Nikamwambia siji. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Nikamweleza: nafanya kazi penye ugonjwa, dada yako ni mgonjwa, sitaki kumwua kwa mkono wangu. Nilisema hivyohivyo, kuua, bila kuzungusha, na sikumbuki kama nimewahi kumwambia mtu mzima jambo bila kulizungusha. Akasema, "Nani atamsimamia mtoto?" Nikamtaja binamu yangu wa Nachingwea, mtoto wa mama mdogo, mjomba halali kabisa. Akasema atalifikiria. Baada ya saa moja akapiga yeye, kwa salio lake, jambo ambalo halijatokea tangu nije Ulaya, akasema sawa, na akaniomba niseme mimi mwenyewe kwa wenye shughuli kwamba watu wasilale ndani, ngoma ichezwe uwanjani, na mama akae kwenye kiti chake barazani asipeane mikono na foleni nzima. Nimesema. Dada amekasirika, bado hajajibu ujumbe wangu. Nguo za mwali nitamwachia Mtanzania mmoja anayerudi moja kwa moja, atazifikisha Dar.

Tiketi imesogezwa hadi Julai, bila faini.

Mama nilimpigia mwisho. Nilimwambia siji, mama, na wewe uniambie nisije, nataka kulisikia kutoka kwako. Hakulisema. Alisema:

"Haya baba. Mungu akulinde huko. Ila chumba chako tulishakipaka chokaa."