Uvimbe wa ubongo: mgonjwa aende Muhimbili, au abaki na bingwa wa kanda?

Bingwa wa upasuaji wa ubongo wa Mwanza, Dodoma au Mbeya akikuta uvimbe kwenye picha ya MRI, ana maswali mawili mezani. Utolewe vipi, na autoe nani: yeye mwenyewe, au aandike barua ya rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI? Hili la pili lina ubishi kuliko linavyoonekana, maana ndani yake mna elimu, fedha na heshima za watu.

Wanaotaka wagonjwa wakusanywe MOI wana hoja nzito. Taasisi hiyo, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, ndiko wanakofundishwa mabingwa wa fani hii, na tangu 2008 inashirikiana na chuo cha udaktari cha Weill Cornell cha New York. Tafiti za nchi tajiri nazo zimeonyesha mara kwa mara kuwa hospitali inayopasua uvimbe wa ubongo kwa wingi hupoteza wagonjwa wachache zaidi. Si suala la mkono wa daktari peke yake. Kuna mtu wa usingizi, muuguzi wa ICU anayeng'amua saa nane usiku kwamba mboni moja imeanza kutanuka, na mtaalamu wa patholojia, anayechunguza kipande cha uvimbe maabara. Huyu wa mwisho kazi yake imeongezeka: tangu WHO ibadilishe mgawanyo wa uvimbe wa ubongo mwaka 2021, glioma nyingi, yaani uvimbe unaoanzia kwenye seli saidizi za ubongo wenyewe, hazipewi jina kamili kwa hadubini tu, vinasaba navyo vinapimwa.

Ila tafiti hizo zilihesabu watu waliofika hospitali. Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na kuna familia ambazo safari hiyo ni ng'ombe wa kuuza kwanza. Dawa ya dexamethasone hupunguza kwa muda maji yanayojaa kuzunguka uvimbe, basi. Mtoto mwenye uvimbe kisogoni uliokwisha kuziba njia ya maji ya ubongo hasubiri barua ya mtu. Asipowekewa mrija mapema, rufaa yake haina maana. Tena bingwa anayepeleka kila kesi Dar mkono wake hulala, na anayelipia ni majeruhi wa bodaboda atakayemkuta usiku wa manane.

Haydom, kule Manyara, ilijaribu njia ambayo hadi leo inagawa watu. Mwaka 2006 daktari Mmarekani Dilan Ellegala alimfundisha upasuaji wa ubongo Emmanuel Mayegga, ambaye wakati ule alikuwa daktari msaidizi, hata shahada ya udaktari hana. Ukilitazama kwa macho ya chuo kikuu, ni jambo la kutisha. Ukilitazama kwa macho ya mgonjwa ambaye hana pengine pa kwenda, hesabu inageuka. Mimi nisingekubali njia hiyo kwa glioma iliyokaa jirani na sehemu ya kusema. Kwa mrija wa kutoa maji ningeikubali, mradi mwalimu apatikane kwa simu.

Kinachonishangaza ni kwamba pande zote mbili zinagombea kisu. Chukua glioblastoma, uvimbe mkali kuliko yote kwa watu wazima. Utafiti mkubwa wa 2005 ulionyesha kuwa kuongeza dawa ya temozolomide kwenye mionzi baada ya upasuaji kulisogeza wastani wa uhai kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Mionzi hiyo ni dozi 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita. Mkulima wa Katavi atalala wapi wiki sita akihudhuria Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam? Mzee anaweza kupewa ratiba fupi ya dozi 15, na hospitali ya Bugando, Mwanza, nako kuna mionzi. Lakini uamuzi wa namna hiyo unahitaji daktari anayemjua mgonjwa na mtaalamu wa mionzi waongee kabla fuvu halijafunguliwa.

Kwa hiyo mimi naona picha isafiri kwanza, mgonjwa afuate ikibidi. Meninjioma, yaani uvimbe wa utando wa ubongo, iliyo juu juu, mara tu ukifungua fuvu, ipasuliwe kanda. Uvimbe wa shina la ubongo, au wa tezi iliyo chini ya ubongo unaotolewa kupitia puani, uende MOI. Ule wa katikati ujadiliwe na wote kwa video kila wiki. Kambi za madaktari bingwa zinasaidia, ila kambi hufungasha, na mgonjwa wa uvimbe anahitaji kufuatiliwa miaka.

Vikwazo navyo si vya mtandao kukatika. Hospitali zetu zinategemea mapato zinayokusanya, na upasuaji mkubwa ni mapato. Nani atauachia kwa furaha? Ushauri uliotolewa kwa video ukimdhuru mgonjwa, wa kujibu ni nani? Hilo liandikwe kabla ya kikao cha kwanza, sambamba na majina ya nani atatokea kwenye makala za kitafiti. Daktari wa kanda akigeuzwa mkusanya takwimu, atachoka mapema.

Ningeanza na kitu cha bei nafuu: barua ya kurudi. Mgonjwa aliyepasuliwa Dar akianza degedege akiwa Mbeya, daktari wa pale awe na majibu ya patholojia, ajue kiasi cha uvimbe kilichobaki, dozi za mionzi alizopata, na namba ya simu ya aliyempasua. Hayo hayahitaji mashine mpya wala mfadhili.